Kanjo, Steji na Beseni

Mabaraza ya miji na wilaya Kenya yalikufa rasmi Machi 2013, matokeo ya uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba mpya yalipotangazwa na Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, ikafutwa. Neno lililozaliwa kutokana na jina lao halikufa. Nenda leo steji ya Homa Bay, au Migori mjini, mtu apige kelele "kanjo!" uone kama kuna atakayeuliza kanjo gani. Mama wa ndizi anavuta karai lake. Makanga anakumbuka ana shughuli ng'ambo ya barabara. Vijana wa nduthi wanawasha pikipiki kwa pamoja kama ndege waliorushiwa jiwe. Ni "council" ya Kiingereza iliyotafunwa na mtaa hadi ikawa jina la mtu: mtu mwenye koti, kitabu cha risiti na, siku hizi, kimashine cha kuchapa karatasi.

Abiria wengi wa boda na Probox huku wanaamini kanjo ndiye mwenye barabara, ndiye anayeamua nani abebe watu na nani asibebe. Historia inasema vingine. Kwa karibu miaka 90 baraza la huku Nyanza Kusini, kwa majina yake yote, lilitoza pesa za mahali unaposimama. Ruhusa ya kubeba abiria ilitoka Nairobi. Na ruhusa ya kitu kingine kinachofanyika palepale steji, yaani kuchangisha watu pesa za mgonjwa, maiti au karo, ilitoka kwa DC. Kanjo alibaki na risiti. Ukijua jinsi mambo yalivyofika hapo, utaelewa kwa nini boda akifa leo wenzake hawaendi ofisi yoyote. Wanatafuta beseni.

Twende kwanza Uingereza, maana sheria zetu nyingi zilishonwa huko kisha zikapunguzwa mikono zitutoshe. Huko, mpaka leo, ukitaka kuendesha teksi unaomba leseni kwa baraza la mji wako. Ukitaka kusimama barabarani na kopo la mchango wa wagonjwa, unaomba kibali kwa baraza hilohilo, mara nyingi kwenye ofisi ileile. Leseni za teksi nje ya London bado zinaegemea sheria ya mwaka 1847, enzi za magari ya farasi. Ya kuchangisha barabarani ilikuja 1916, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza, kila kona ikiwa na mtu anayeombea majeruhi na wengine wao wakiwa matapeli tu. Ya kuchangisha nyumba kwa nyumba ikafuata 1939, vita vingine vikianza.

Teksi na sadaka kwenye meza moja? Inaonekana ajabu mpaka uifikirie. Dereva wa teksi na mwenye kopo wote ni watu usiowajua, wamekukuta barabarani, na wote wanataka uwaamini kabla hujawajua. Mmoja anataka uingie garini mwake saa nne usiku. Mwingine anataka pesa zako leo kwa ajili ya mtu ambaye hutamwona. Leseni ilikuwa namna ya mji kusema: huyu tunamjua, namba yake ndiyo hii, akikukosea njoo kwetu. Kulikuwa na ada, ndiyo, na kulikuwa na ukiritimba. Lakini ndani yake kulikuwa na ahadi kwa abiria na kwa mtoaji.

Ahadi hiyo haikuvuka bahari. Ada ilivuka.

Huku kwetu mabaraza ya wenyeji yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1924. Wilaya iliitwa South Kavirondo, nayo ilibeba Wajaluo wa kusini, Abasuba, Wakisii na Wakuria kwenye kapu moja, boma likiwa Kisii. Mwenyekiti wa baraza alikuwa DC mwenyewe, Mzungu, na wajumbe wengi walikuwa machifu na watu waliosomea misheni. Baraza liliruhusiwa kutoza kodi yake ndogo juu ya kodi ya nyumba ambayo serikali kuu ilikuwa tayari inachukua, na kwa pesa hizo kujenga zahanati, kusaidia shule, kulima barabara za vumbi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, mwananchi wa Karachuonyo au Suna alijua baraza kama mkono wa pili wa kodi.

Mtu wa kukumbukwa hapa ni Paul Mboya. Alikuwa chifu wa Karachuonyo miaka ya 1930, na baadaye katibu wa baraza la wilaya ya Nyanza Kusini. Mwaka 1938 alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila na desturi za Wajaluo ambacho bado utakikuta katika nyumba za wazee, jalada limeshatoka. Mimi humfikiria sana. Yaani mtu mmoja aliandika jinsi watu wake wanavyooana, wanavyolima, wanavyozika, kisha akaketi ofisini akishughulikia makaratasi ya baraza. Vitu alivyoviandika kitabuni na vitu alivyovisimamia ofisini havikuwahi kukutana kwenye sheria. Msiba ulikuwa mila. Barabara ilikuwa serikali.

Hata barabara yenyewe baraza halikuwa nayo kikamilifu. Lori na mabasi yalipoanza kuingia Nyanza, serikali ya koloni iliona tishio kwa kitu kimoja ilichokipenda kuliko vyote: reli. Mwaka 1931 ilitunga sheria ya kudhibiti ubebaji wa mizigo kwa magari, na 1937 ikaja Sheria ya Leseni za Uchukuzi, iliyounda bodi ya kuamua nani apewe njia gani. Uliyetaka kuendesha basi ulilazimika kuithibitishia bodi kwamba njia hiyo inakuhitaji, na wale waliokuwa tayari kwenye biashara walikuwa na haki ya kupinga. Hebu fikiria unataka kufungua kibanda cha chapati, halafu mwenye kibanda cha jirani anaitwa kutoa maoni.

Kwa watu wa ziwani jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee, maana shirika la reli ndilo lililokuwa na meli. Kabla ya lami, njia kuu ya kutoka huku ilikuwa maji: unashuka na gunia lako gatini Kendu Bay au Homa Bay, unapanda meli, unaenda Kisumu kukutana na treni. Maduka ya Wahindi pale Kendu Bay yalikua kwa sababu ya gati hilo. Mwenye gari aliyetaka kuwapeleka watu hao kwa barabara alikuwa anashindana na serikali yenyewe, na aliyehukumu shindano ni serikali.

Upande wa michango, hofu ilikuwa ya aina nyingine. Desemba 1921 watu wa Nyanza walikutana Lundha, Gem, wakaanzisha chama kilichokuja kukumbukwa kama Piny Owacho, "nchi imesema". Walilalamikia kodi, kipande na kazi ya kulazimishwa. Mwaka 1929 chama cha Wakikuyu, KCA, kilichangisha pesa za kumpeleka Jomo Kenyatta London. Serikali ilielewa haraka kwamba Waafrika wanaoweza kuchanga senti kumi kumi wanaweza kumlipia mtu nauli ya meli hadi kwa wakubwa wake. Tangu hapo kuchangisha hadharani kukawa ni jambo la usalama, na faili la usalama lilikaa kwa DC. Mchango uliangaliwa kama mkutano wa siasa, na kusema kweli mara nyingi ulikuwa hivyo.

Mtoto wa Rusinga alilithibitisha hilo kuliko mtu yeyote. Tom Mboya watu wanamjua kama waziri, mnara wa Moi Avenue, bwana wa suti nzuri. Wachache wanakumbuka kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kanjo: mkaguzi wa afya katika baraza la jiji la Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kwamba chama cha wafanyakazi alichokianzisha kilikuwa cha watumishi wa mabaraza. Mwaka 1959 alipokuwa akitafuta nafasi za vijana kwenda kusoma Marekani, ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Huko New York watu maarufu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua za kuomba michango ya nauli. Huku nyumbani kijana alihitaji pesa za matumizi, koti, viatu. Zilitoka kijijini. Watu waliandaa chai, wakauza kikombe kwa bei ya mbuzi, wakaimba, mtoto akaondoka. Huo ndio mfumo ambao baadaye ulipewa jina la harambee na kuwekwa kwenye nembo ya taifa.

Mwaka uliofuata, 1960, sheria ya makusanyo ya umma ikatungwa. Leo inaitwa Sura ya 106. Inasema kwa ufupi kwamba huwezi kukusanya pesa au mali kutoka kwa umma bila kibali. Ukiisoma kavukavu ni ndugu ya ile ya Kiingereza ya 1916, lakini kibali chetu hakikupelekwa kwa baraza lililochaguliwa na watu. Kilibaki upande wa utawala wa mikoa, wa ma-DC na ma-DO. Uhuru ulipokuja 1963, Homa Bay ikiwa sasa makao makuu ya Nyanza Kusini, DC alibadilika rangi. Faili halikubadilika kabati.

Halafu baraza lenyewe likatolewa matumbo. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuhamisha majukumu, na kuanzia 1970 mabaraza ya kaunti yakapokonywa shule za msingi, afya na barabara. Miaka michache baadaye kodi ya watu binafsi iliyokuwa uti wa mgongo wa mapato yao nayo ikafutwa. Jiulize baraza ambalo halina shule, halina zahanati, halina barabara, linabaki kuwa nini. Linabaki soko, kichinjio, kituo cha mabasi, na cess: ushuru wa miwa Awendo baada ya kiwanda cha Sony kuanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ushuru wa tumbaku upande wa Kuria, ushuru wa samaki ufukweni. Yule kanjo tunayemcheka, anayekimbizana na mama wa omena kwa risiti ya shilingi chache, alitengenezwa na sheria ya 1969. Hakuzaliwa na roho mbaya. Alibakishiwa kazi moja tu.

Wakati huohuo magari yalikuwa yanaongezeka. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta alitangaza kwamba matatu zinaweza kufanya kazi bila leseni ya bodi ya uchukuzi. Wengi waliishangilia kama ushindi wa mtu mdogo dhidi ya kampuni za mabasi, na ilikuwa hivyo kweli. Lakini tazama nani alitoa ruhusa: rais, kwa mdomo. Ilipofika 1984 sheria ikarudisha leseni na ukaguzi, tena kutoka Nairobi. Kanuni za waziri Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, mikanda, kidhibiti mwendo, mstari wa njano, zilitoka Nairobi. Mwaka 2012 ikaundwa NTSA. Nairobi. Katika miaka yote hiyo baraza la Migori au la Homa Bay lilikuwa na kauli juu ya uwanja: gari likiingia steji linalipa, likitoka linaenda zake, na kama tairi limeisha au dereva ana miaka 16, hilo si la kanjo.

Harambee nayo ilipitia maisha yake. Miaka ya 1960 na 1970 ilijenga shule za sekondari kila kata huku. Nyingi bado zina darasa lile la kwanza la mawe. Kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imeshikwa na wanasiasa, na chifu aliyetoa barua ya kuruhusu mchango ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akikusanya mchango wa lazima, akichukua kuku kwa asiye na pesa. Hiyo ni kejeli kubwa ya Sura ya 106. Sheria iliyotungwa ili mtu asilazimishwe kutoa ikawa mikononi mwa yule anayelazimisha. Mwaka 2003 serikali mpya ya Kibaki iliunda jopo la kuchunguza harambee, likiongozwa na Koigi wa Wamwere, na mwaka huohuo sheria ya maadili ikawakataza maafisa wa umma kutumia vyeo vyao kuchangisha. Wanasiasa walisoma, wakatikisa kichwa, wakaendelea na bahasha.

Sasa tufike kwenye pikipiki.

Boda boda wa kwanza walikuwa wa baiskeli, na jina lao lilitoka Busia, kwa abiria wa kuvushwa mpaka hadi mpaka. Kwenye miji yetu baiskeli zilitawala hadi bajeti ya 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zisizofika cc 250. Baada ya hapo Homa Bay kutoka Shauri Yako hadi Sofia, Rongo, Awendo, Migori, Sori hadi Muhuru Bay, kila kijana aliyeuza ng'ombe wa babake au kuacha shule alikuwa na nduthi ya Kihindi au ya Kichina, mara nyingi ya mtu mwingine, anayoilipia kila jioni. Serikali haikujiandaa. Bodi ya uchukuzi ilijua mabasi. Baraza lilijua uwanja wa mabasi, na pikipiki haihitaji uwanja, inahitaji kivuli cha mwembe.

Kwa hiyo steji ilijitengenezea leseni yake. Hiki ndicho kipande ninachokipenda zaidi katika historia hii yote, na hakuna gazeti la serikali lililokiandika. Ukitaka kubeba watu kwenye steji fulani lazima uletwe na mtu anayejulikana pale. Unalipa pesa ya kuingia. Unaandikwa kwenye daftari: jina, kitambulisho, mwenye pikipiki, namba ya simu ya nyumbani. Unapewa namba na koti la kung'aa. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kuna foleni; ukiruka foleni unalipa faini, ukimtusi abiria unakalishwa chini wiki nzima. Mtu akisahau mzigo kwenye pikipiki anarudi steji anasema "ni kijana wa koti namba fulani," na mzigo unatafutwa. Yaani ile ahadi ya 1847, huyu tunamjua, njoo kwetu, ilifika Nyanza Kusini hatimaye, na walioileta ni vijana ambao wengi wao hawana hata leseni ya kuendesha. Wenye Probox wana yao, ingawa sheria yao ya ndani inavumilia kiti cha sambaza, ambapo dereva anamkalia abiria nusu. Sisifii kila kitu.

Na kwa kuwa steji ilikuwa na daftari, mchango ukahamia hapo. Kuna akiba ya kila siku, kuna nyoluoro ya zamu kwa zamu, na kuna kitu cha dharura. Mwenzao akigongwa na lori njia ya Isebania, hakuna anayesubiri bima. Wenye pikipiki wengi hawana bima, au wana ile ya kumlinda mtu wa tatu tu, ambayo haimjui dereva mwenyewe. Simu inapigwa, M-Pesa inaanza kuingia kwa mweka hazina, na kundi la WhatsApp linajaa majina na tarakimu. Akifa, pikipiki zinafungwa matawi mabichi, honi zinalia, msafara unaenda mochari, na njiani, kwenye kila tuta, vijana wawili wanashika beseni la plastiki lenye leso ndani. Gari likipunguza mwendo, beseni linakuja dirishani. "Omera, tunamzika ndugu yetu." Unatoa ishirini, unatoa hamsini. Jioni zinahesabiwa mbele ya watu, zinatolewa bili ya mochari, jeneza, chai ya wageni.

Kwa mujibu wa Sura ya 106, beseni hilo ni kosa. Risiti aliyolipa marehemu asubuhi ile kwa kusimama steji ilikuwa halali kabisa.

Mimi ninalo daftari la mchango, hivyo naomba msomaji ajue siandiki kutoka mbali. Ni la karo yangu ya chuo kikuu. Mama yangu amelihifadhi kwenye sanduku la nguo pamoja na kadi ya harambee iliyogongwa muhuri wa chifu. Kuna mwalimu aliyetoa 2,000, kanisa lililotoa 5,000, na chini kabisa, kwa mwandiko wa katibu wa steji ya sokoni kwetu, orodha ya watu wa nduthi kumi na wanne: 50, 50, 100, 50. Majina yote yalisomwa kwa sauti siku ile. Pesa ziliisha mwaka wa pili na chuo kikaisha nazo. Nikirudi nyumbani napanda boda wa steji hiyo, na mmoja wao huwa ananiuliza, bila ubaya, "Sasa, japuonj, ile fifty yangu inasomaje?" Ninamweleza. Hakuna mtu wa kaunti amewahi kueleza chochote kwa yeyote juu ya shilingi za risiti kwa namna hiyo, ana kwa ana, akijua jina la aliyezitoa.

Lakini nisimfanye boda malaika. Beseni likija dirishani na vijana arobaini nyuma yake, si kila anayetoa ametoa kwa moyo. Wapo wanaotoa kwa sababu ya kioo chao. Tumeona pia magari yakichomwa baada ya ajali kabla mtu hajauliza nani mwenye makosa. Machi 2022, baada ya kundi la boda kumshambulia mwanamke dereva mchana kweupe Nairobi, rais aliamuru msako nchi nzima, na hata wa Ndhiwa ambaye hajawahi kufika Nairobi akaficha pikipiki yake nyuma ya nyumba. Steji inayomjua mtu wake inaweza kumwadhibu, na inaweza vilevile kumficha. Na tusisahau disco matanga: muziki usiku kucha kuchangia mazishi, watu wakisifiana kwa pakruok na kulipia sifa hizo, mpaka wasichana wadogo walipoanza kuumizwa gizani na machifu wakapiga marufuku tena na tena. Pesa ya msiba haina usafi wa kuzaliwa nao.

Mwanasiasa naye alishaigundua steji zamani. Leo makoti mengi ya kung'aa yana uso wa mtu mgongoni. Mwenye koti la mheshimiwa anajua ataitwa siku ya msafara, tanki likijazwa. Tarehe 5 Julai 2024, vijana wakiwa bado barabarani katika maandamano yaliyoanza kwa kupinga mswada wa fedha, Rais Ruto alisema maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee, na mswada mpya wa michango ya umma ukawa mbele ya Seneti mwaka huo. Tarehe hiyo hiyo, miaka 55 kabla, Tom Mboya aliuawa Nairobi. Najua ni sadfa, lakini mtu wa Homa Bay hawezi kuisoma bila kusimama kidogo.

Katika kelele hizo zote kuna kifungu kimoja ambacho naona hatujakitumia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti leseni za biashara, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani katika kaunti. Kile ambacho baraza la Nyanza Kusini halikuwahi kuwa nacho tangu 1924, Homa Bay na Migori wamekuwa nacho tangu 2013. Kaunti inaweza kuchukua daftari la steji, ikalitambua, ikafunga ada ya kila siku na bima ya ajali ya dereva, ikaandika namba ile ya koti ili abiria wa usiku awe na pa kwenda. Inaweza pia kujenga kibanda cha kivuli na choo, jamani, choo. Isipofanya hivyo, inaendeleza kazi ya kanjo wa 1970: inatoza ardhi unayoikanyaga.

Ada hizo haziwekwi na kanjo wa steji. Huwekwa kila mwaka kwenye mswada wa fedha wa kaunti, na Katiba inataka wananchi wasikilizwe kabla haujapita. Tangazo hutoka gazetini, vikao hupangwa mchana wa siku ya kazi, saa ambazo mwenye nduthi yuko Rodi Kopany akisubiri abiria wa Mbita. Mswada wenyewe ni mrefu na lugha yake ngumu, ila jedwali la ada liko kule mwisho. Tafuta mstari wa pikipiki. Soma kiasi, kisha soma safu ya kushoto, inayotaja huduma inayolipiwa.

Mara nyingi imeandikwa: maegesho.